Ugwe wa Hawa: Kutoka Nyamwage Hadi Mbwera

Wenzangu wa benchi la karakana,

Tangu nirudi mmeniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, safari ilikuwaje. Mmoja nimemjibu nusu, mwingine robo, maana mkono ulikuwa kwenye spoku na mwenye baiskeli amesimama ananitazama. Nimeona afadhali niandike yote mara moja kwenye daftari hili, lizunguke. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, na anayesoma asiruke mistari.

Kwanza niwakumbushe jambo, kwa sababu wengine mmehamia Nyamwage juzi. Mimi ni mgonjwa wa akili. Si siri na wala sioni haya kulisema. Ugonjwa wangu huja kwa vipindi. Ukianza, usingizi unakimbia, nasema kama cherehani, najiona naweza kila kitu, na mwisho wake ni kelele kutwa kucha. Mara ya kwanza ulinikuta nikiwa kwa wakwe zangu, Mbwera, kule deltani. Walinifunga kamba kwenye nguzo ya banda siku mbili. Hawakufanya kwa chuki, walikuwa hawajui la kufanya. Binti yangu Mwanahawa, tunayemwita Hawa, alikuwa na miaka minne, na aliona. Baadaye mimi na mama yake tuliachana, yeye akaolewa Kilwa, na Hawa akabaki Mbwera na bibi yake mzaa mama.

Sasa Hawa ana miaka tisa. Likizo hii ya mwezi wa sita ndiyo mara ya kwanza bibi yake kukubali aje kukaa nami peke yetu, wiki tatu. Bibi alimleta mwenyewe mpaka hapa siku ya Ijumaa, akalala, asubuhi akarudi. Sharti lilikuwa moja: nimrudishe Mbwera Ijumaa ya mwisho wa likizo, kabla ya sala, kwa sababu siku hiyo ilikuwa hitima ya marehemu babu yake na ukoo wote ungekuwepo. Shemeji yangu, mjomba wake Hawa, alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu: "Mtu asiyeweza kutunza siku atamtunzaje mtoto? Asipomfikisha Ijumaa, asimwone tena." Na mjomba akisema jambo kwenye ukoo ule, huwa.

Wiki tatu zile mliziona wenyewe. Mtoto alijifunza kubandika viraka hadi akabandika mpira ambao haukutoboka. Sitaki kuzieleza zaidi. Kila siku yake ninayo. Habari za kutafuta nafasi ya gari nazo naziacha, hazina ladha. Nianze pale tulipopanda.

Nyamwage hadi Ndundu, juu ya ufuta

Tuliondoka Jumatano alfajiri juu ya lori la magunia ya ufuta. Nilikuwa na hesabu nzuri: Jumatano tulale Kibiti, Alhamisi tufike Nyamisati na kupanda boti, Alhamisi jioni tuwe Mbwera. Nilijiachia usiku mzima wa akiba, nikajiona fundi wa safari.

Kule Ndundu, kwenye kivuko, hesabu yangu ilianza kutikisika. Lori la mbao lililotangulia lilizamisha magurudumu ya nyuma mchangani, pale pale kwenye mteremko wa kuingilia pantoni. Hakuna gari lililoweza kupanda wala kushuka. Wanaume walichimba, wakatandika matawi, wakasukuma, lori likazama zaidi. Basi tukakaa tangu asubuhi mpaka alasiri tukiutazama mto Rufiji unavyopita bila haraka.

Tulikula perege wa kukaanga na muhogo kwa mama mmoja mwenye karai kubwa. Alinitazama sana huku akigeuza samaki. Mwishowe hakujizuia.

"Wewe si yule fundi aliyejitupa majini kutoka pantonini?"

"Ndiye mimi."

"Ukasema unakwenda kuongea na mamba!"

"Viboko," nikamsahihisha. "Mamba niliwaogopa hata siku ile."

Watu wote waliozunguka karai wakacheka, nami nikacheka, maana jambo lenyewe linachekesha likishapita. Hawa hakucheka. Aliweka samaki wake chini.

"Alikuwa anaumwa," akamwambia yule mama. "Wewe hujawahi kuumwa?"

"Nimeumwa, mwanangu. Lakini mie niliumwa kitandani."

"Yeye kitanda kilikuwa mbali."

Hapo hata mtu wa lori la mbao aliacha kuchimba akacheka. Mama yule akamwongeza Hawa mkia wa perege, akaniuliza kwa upole, "Na sasa umepona, baba?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza watu wote. Sijapona, nimetulia. Mtu mwenye pumu hasemi amepona kwa sababu leo anapumua vizuri. Nina sindano kila mwezi na kidonge kila asubuhi baada ya chakula, na saa mbili usiku niwe nimelala. Nikifuata hivyo, natengeneza baiskeli na kumlea mwanangu. Yule mama akaitikia, "Kumbe!" akataka anuani ya hospitali kwa ajili ya ndugu yake. Nikamwelekeza.

Ng'ambo ya mto hadi Kibiti: koti

Tulivuka alasiri imekwisha, tukapita Ikwiriri bila kushuka, tukaingia Kibiti jua linazama. Wafanyabiashara walikuwa hawajafunga. Ninyi mnajua jinsi Kibiti ilivyobadilika tangu mambo yaanze kuwa ruksa. Pale ambapo zamani tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, sasa sabuni ni za kila rangi, betri zimepangwa kama matofali, na marobota ya mitumba yamefunguliwa chini kwenye turubai.

Nilikuwa nimemwahidi Hawa nguo moja. Nilidhani atachagua gauni. Alichimba kwenye lundo mpaka mabega yakapotea, akaibuka na koti zito la bluu lenye manyoya shingoni.

"Baba, hili huvaliwa na nani?"

"Watu wa nchi za baridi."

"Wamekufa?"

"Hapana. Wamenunua jingine."

"Basi nataka hili."

Nilimweleza kwamba Mbwera hakuna baridi ya namna ile. Nilimweleza kwamba bibi yake atanilaumu. Mwuzaji naye, ambaye kazi yake ni kuuza, akamwambia, "Mdogo wangu, hili hata mie naliuza kwa huruma." Hawa alilivaa, likamfika miguuni, akatokwa jasho na kutabasamu. Nikalinunua. Nimejifunza kwamba mtu aliye na siku chache na mwanawe asizitumie kubishana juu ya koti.

Tulilala kwa fundi mwenzangu wa pale. Saa mbili nilikuwa kitandani, ingawa yeye alitaka tuzungumze.

Mchukwi, kwa baiskeli ya kuazima

Alhamisi asubuhi ilikuwa siku yangu ya sindano. Ningeweza kuiruka na kuwahi gari la Nyamisati, na nawaambia ukweli, niliwaza hivyo. Nikakumbuka kwamba kila nilipougua, ilianza kwa siku niliyosema "leo tu." Nikaazima baiskeli, nikamweka Hawa kwenye keria na koti lake, tukaenda Mchukwi kabla jua halijakali. Watu wa njiani walisimama kutazama manyoya yanapita.

Hospitalini muuguzi alimruhusu aingie nami. Hawa aliangalia sindano ikiingia bila kufumba jicho. Tulipotoka, tukakaa chini ya ukuta kunywa chai na kitumbua, nikameza kidonge changu. Ndipo aliponiuliza lile ambalo nilijua litakuja siku moja.

"Baba, kule kichwani kunakuwaje?"

Nikamgeuzia baiskeli. "Zungusha pedeli." Akazungusha, gurudumu la nyuma likavuma. "Sasa bana breki." Akabana, likasimama. "Kichwa changu kina mwendo mzuri. Hata kichwa chako kina mwendo. Tofauti ni kwamba breki zangu hazishiki zenyewe. Nikiwa tambarare hujui. Nikifika kwenye mteremko, watu wengine wanapunguza, mimi nazidi. Mwanzoni ni raha, upepo usoni. Baadaye unaona ukuta."

Alifikiri. "Sindano ni mpira mpya wa breki?"

"Ndiyo hasa."

"Na kidonge?"

"Ni kukaza nati. Kila asubuhi inalegea kidogo, kila asubuhi naikaza."

"Leo umekaza?"

"Umeniona."

"Nimekuona," akasema, akapanda keria. Jinsi alivyolisema, kama karani anayeweka tiki, nilipaswa kulitilia maanani. Sikulitilia.

Nyamisati, ndani ya gari la barafu

Tuliporudi Kibiti, gari tulilolitegemea lilikuwa limeondoka. Tulipata nafasi kwenye pikapu ya mnunuzi wa kambamiti, wale kamba wakubwa wa majini. Siku hizi wanunuzi wamejaa deltani. Wanakwenda na masanduku ya barafu, wanarudi na kambamiti kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam. Tulikaa juu ya masanduku hayo, barafu chini yetu, jua juu yetu, na Hawa akaniambia kwamba sasa naona faida ya koti. Akalitandika tukalikalia.

Njia ilikuwa mashimo matupu. Kwenye shimo moja mfuko wake wa ukili ulipinduka, nikakusanya vitu: kitana, daftari, kopo la poda lisilo na poda, na ugwe, ule uzi mwembamba wa katani, umefungwa mafundo. Kwetu mtu asiyeandika huhesabu siku hivyo. Mwanamke anayemngoja mumewe aliyekwenda kukata miti, mtoto anayengoja sikukuu, kila siku fundo moja. Nikayahesabu mafundo kwa kidole, Hawa akiwa ametazama upande wa pili. Yalikuwa ishirini. Siku ishirini kamili tangu asubuhi yake ya kwanza nyumbani kwangu.

Nikaurudisha mfukoni.

Mimi nilikuwa nikizihesabu siku zile kwa kuogopa zitaisha. Yeye, nikadhani, alizihesabu ili ziishe arudi kwa bibi yake. Sikumlaumu. Mtoto aliyemwona baba yake amefungwa kwenye nguzo ana haki ya kuhesabu. Lakini iliniuma, na mpaka Nyamisati sikumwambia neno la maana. Alipouliza kama nimechoka, nilisema ni jua.

Mkondoni

Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu wengi wenu ni watu wa bara na hili la maji hamlijui. Deltani mto umegawanyika mikondo mingi kati ya mikoko, na bahari huingia na kutoka humo mara mbili kwa siku. Kuna siku za bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Na kuna siku za maji mafu, yanajaa kidogo tu, kwa shingo upande. Siku za maji mafu ukichelewa kidogo, mkondo mdogo unakuwa tope.

Alhamisi ile ilikuwa maji mafu. Tulifika Nyamisati mchana maji yakiwa yamekwisha kujaa na yameanza kutoka. Nahodha wa boti, mtu mmoja mrefu aitwaye Makungu, alitaka tuondoke hapo hapo. Kijana wa yule mnunuzi alitaka barafu ipangwe upya kwanza. Barafu ikapangwa. Tulipoingia kwenye mkondo wa mkato, Makungu alikuwa akitazama mizizi ya mikoko, siyo mbele.

"Mizizi inaonekana mno," akasema, na boti ikasimama. Mashine ilivuruga tope, ikazimwa.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Maji yatajaa tena usiku wa manane. Lakini mie sipiti hapa gizani, kuna viboko. Kesho mchana."

"Kesho mchana ni Ijumaa."

"Ndiyo, bwana. Baada ya Alhamisi huwa ni Ijumaa."

Kijana wa mnunuzi akafungua masanduku yake kutazama barafu. Kila mtu na msiba wake.

Sasa niwaeleze kilichonipata, maana hili ndilo nililotaka kuwaandikia. Niliona kwa mbali, juu ya mikoko, minazi. Nikawaza: hiyo ni Mbwera. Nimbebe Hawa mabegani, nikanyage tope, tutafika jioni. Mara nikaona tena: naweza kukata matawi nitandike njia, naweza kuivuta boti peke yangu, naweza kuanzisha huduma ya kuvusha watu kwenye tope kila maji mafu. Nilikuwa nimekwisha kuvua viatu. Nilikuwa nasema haraka, na Makungu alikuwa akinitazama.

"Tope hilo litakumeza mpaka kiunoni," akasema. "Na minazi ile si Mbwera."

Nikasikia upepo usoni. Ndivyo ninavyouita. Raha ile ya mteremko. Niliitambua, wenzangu, na hiyo ndiyo tofauti kati yangu wa sasa na yule wa pantoni. Niliketi. Nikamwambia nahodha waziwazi, mbele ya Hawa na yule kijana: "Mimi nina ugonjwa wa akili. Nikianza kusema sana na kupanga makubwa, niambieni ninyamaze."

Makungu akajikuna kidevu. "Hapa deltani sote tunasema sana na kupanga makubwa. Lakini nitakwambia."

Nikavaa viatu. Nilikuwa nimechagua kuchelewa, na nilijua ninachokiweka rehani. Hawa akasogea akaegemea mkono wangu.

Dunguni kwa Bi Tatu

Sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ya mikoko. "Enyi wa botini! Mnakaa na mbu humo mnangoja nini? Njooni dunguni!"

Alitusukumia ubao mrefu juu ya tope, tukapita mmoja mmoja mpaka ukingoni. Kulikuwa na shamba la mpunga pale, na katikati yake dungu, kile kibanda kilichosimama juu ya miti mirefu, cha kupanda kwa ngazi. Watu wa kule mpunga ukikaribia kukomaa huhamia dunguni wakaishi huko, ili kuamia, yaani kufukuza ndege na nguruwe. Mwenyewe aliitwa Bi Tatu, mtu mzima, mpana, sauti imekauka kama bati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisamehe sauti, nimeiacha shambani. Mume yuko kwenye miti ya mikoko, wanangu wamemfuata, ndege wako wengi, na mie niko mmoja."

Alitupatia pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa ukawa bapa, akauchanganya na nazi. Hawa alikula mpaka akalala na kijiko mkononi, kichwa kwenye koti. Nami nililala saa mbili, kama sheria yangu inavyotaka. Makungu alibaki na boti yake, yule kijana na barafu yake.

Asubuhi ya Ijumaa, baada ya uji na kidonge, ndege walishuka kama wingu. Bi Tatu alijaribu kupiga kelele, ikatoka mikwaruzo. Akanigeukia.

"Baba Hawa, una sauti?"

Nilisita. Miaka mitano nimejizoeza kusema polepole. Nimefungwa kamba kwa sababu ya sauti. Majirani wamehama kwa sababu ya sauti.

"Ninayo," nikasema.

"Basi itoe! Wanamaliza!"

Nikasimama ukingoni mwa dungu, nikaitoa. Ndege wote wa upande ule wakaruka kwa mkupuo. Bi Tatu alipiga makofi. "Ala! Tena! Ongeza!"

Hapo ndipo mahali pekee katika dunia hii nilipoambiwa niongeze. Nikavuta pumzi ya pili, na nilipogeuka nikamwona Hawa. Amesimama kwenye pembe ya dungu, amelikumbatia koti, uso umebadilika. Nilijua anaona nguzo ya banda.

"Baba," akasema, "unaumwa?"

Niliacha ndege wale. Nikachuchumaa mbele yake. "Hapana. Nafanya kazi. Tazama: naanza nikitaka, naacha nikitaka. Ukiinua mkono, nitaacha. Ukishusha, nitaanza. Wewe ndiye breki."

Alinitazama sana. Akashusha mkono. Nikapiga kelele. Akauinua, nikanyamaza papo hapo, kinywa wazi. Akaushusha, akauinua haraka, akaushusha, nami nikawa nalia kama honi ya gari bovu, mpaka Bi Tatu akashika nguzo kwa kucheka. Hatimaye Hawa alicheka na yeye. Kisha akaacha kuongoza, akaja ukingoni kando yangu, tukapiga kelele pamoja, mimi na mwanangu, kwa nguvu zetu zote, juu ya mpunga wa watu. Ningeulizwa nichague saa moja ya maisha yangu, ningetaja ile.

Kabla hatujaondoka, Hawa alishuka na koti lake. Akalivika kwenye mti katikati ya shamba, mikono imetanuliwa, manyoya shingoni. Ndege walizunguka mbali.

"Mwanangu, si lako jipya?" Bi Tatu akauliza.

"Mbwera hakuna baridi," Hawa akajibu. Nilikuwa nimemweleza hivyo hivyo juzi yake, nikapuuzwa.

Mbwera, alasiri

Maji yalijaa mchana, tukasukuma boti kwa miti, ikaelea. Saa ya sala ya Ijumaa ilitukuta kwenye mkondo. Tulifika Mbwera alasiri, hitima imekwisha, watu wameshaanza kutawanyika na sahani za pilau.

Shemeji alikuwa amesimama gatini. Hakungoja nishuke.

"Ijumaa ilikuwa kabla ya sala."

"Ni kweli, shemeji. Nimechelewa. Boti ilikwama mkondoni tangu jana."

"Tulisema nini?"

"Mlisema nisimwone tena."

Sikujitetea zaidi. Nilikuwa mtulivu, na sijui kama mtaniamini. Nilijua kwamba nilichokifanya mkondoni kilikuwa sawa hata kama kingenigharimu mtoto. Maneno yalitoka moja moja.

Bibi yake Hawa akaja, mgongo umeinama, akampita mwanawe, akanipita na mimi. Akamshika Hawa begani.

"Lete."

Hawa akatoa ugwe mfukoni. Bibi akaupitisha kati ya vidole, fundo baada ya fundo, midomo ikitikisika. Watu wakasogea wakimngoja.

"Ishirini na moja," akasema. "Na hili la leo?"

"La leo alimezea dunguni, baada ya uji. Nimemwona."

"Ulimkumbusha?"

"Hata siku moja, bibi. Uliniambia nisimkumbushe. Nifunge tu."

Nilikaa chini pale pale kwenye mbao za gati. Hakuwa akihesabu siku za kurudi. Alikuwa akihesabu vidonge vyangu.

"Saidi," bibi akamwambia mwanawe, "maji mafu nayajua tangu sijaolewa. Mara ngapi baba yako mwenyewe, tuliyemsomea leo, amelala mkondoni? Mie sikutaka kujua kama atafika kabla ya sala. Nilitaka kujua hili."

"Mama, tulisema mbele ya watu."

"Wewe ulisema. Na watu ni hawa, wamesikia mafundo."

Shemeji aliutazama mto. Kisha akasema, "Pilau imebaki," akaondoka kwenda kuitafuta. Kwa mtu kama shemeji, hiyo ni hotuba ndefu.

Bibi alikaa karibu nami. Akaanza kuufungua ugwe, fundo moja moja, kwa kucha, bila haraka, mpaka ukawa mtupu umejikunjakunja. Akaunyoosha kwenye goti lake. Akaniwekea mkononi.

"Mwanangu, kule nyuma tulikufunga kwa kamba. Hatukujua." Akavikunja vidole vyangu juu ya uzi. "Mtoto amefanya kazi hii mara moja, imetosha. Yeye si mlinzi wako. Desemba ukija kumchukua, njoo na mafundo yako mwenyewe. Mie nitayahesabu."

Hawa alikuwa amekwisha kukimbilia watoto wenzake. Nilimsikia mbali akiwafundisha jinsi ya kufukuza ndege, akishusha mkono na kuuinua, na watoto wa Mbwera wakipiga kelele na kunyamaza, wakipiga kelele na kunyamaza.

Nimewaeleza yote. Mnaouliza habari za ule uzi unaoning'inia kwenye msumari juu ya pampu, karibu na mipira, na ambao mmoja wenu aliufungulia mafundo matatu akidhani anasaidia: sasa mnajua. Nimeyafunga upya. Msiuguse. Leo asubuhi, baada ya chai, nimefunga la thelathini na sita, na Desemba haiko mbali.